Truman: Rais aliyewanyima majenerali ufunguo wa ghala la atomiki

HARRY S. Truman anakumbukwa ulimwenguni kote kama rais wa Marekani ambaye chini ya utawala wake mabomu ya atomiki yaliangushwa katika miji ya Hiroshima na Nagasaki, nchini Japani, mnamo Agosti 1945. Hadi leo hakuna kiongozi mwingine aliyewahi kutumia silaha za aina hiyo vitani.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba kiongozi huyo huyo ndiye aliyewakatalia majenerali wake walipotaka wakabidhiwe mabomu yaliyoundwa baadaye. Kuanzia Januari 1947, kwa zaidi ya miaka minne, silaha hizo zilihifadhiwa ndani ya kambi za kijeshi, zikazungushiwa nyua na kulindwa na askari wenye bunduki, ilhali askari hao hawakuwa na mamlaka juu yake. Wenye dhamana walikuwa raia, na mwenye neno la mwisho alikuwa rais.

Msimamo huo ulizua mvutano mkali jijini Washington. Wakuu wa jeshi waliuona kuwa ni kikwazo kwa usalama wa taifa. Truman naye aliamini kwamba anayelinda silaha ya kuangamiza miji si lazima awe ndiye anayeamua siku ya kuitumia. Ili kuelewa jinsi alivyofikia imani hiyo, ni vyema kuyafuata maisha yake tangu mwanzo.

Mwana wa mkulima

Truman alizaliwa Mei 8, 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimboni Missouri. Baba yake, John Truman, alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa mifugo ambaye mara nyingi bahati ilimpa kisogo. Mnamo 1890 familia ilihamia mji wa Independence, na huko ndiko Harry alikolelewa.

Alikuwa na macho hafifu tangu utotoni na alivalishwa miwani mizito ambayo wazazi hawakutaka ivunjike. Kwa sababu hiyo hakujiunga na wenzake katika michezo ya kusukumana. Badala yake alisoma vitabu vya historia kwa wingi na kujifunza kupiga piano.

Alimaliza shule ya upili mwaka wa 1901, lakini hali ya kifedha nyumbani haikumruhusu kuendelea. Hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu, na hakuna rais wa Marekani baada yake ambaye ameingia Ikulu bila shahada. Alifanya kazi za ukarani, zikiwemo za benki, kabla ya kurejea shambani Grandview mnamo 1906. Alilima na kufuga huko kwa zaidi ya miaka kumi.

Marekani ilipojitosa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mwaka wa 1917, Truman alijitolea kwenda vitani licha ya macho yake na umri wa miaka 33. Mwaka uliofuata, akiwa nahodha nchini Ufaransa, alikabidhiwa kikosi cha mizinga kilichofahamika kwa utukutu wa askari wake. Aliwatia adabu, akawaongoza katika mapigano, nao wakawa marafiki zake wa kufa kuzikana.

Baada ya vita alimwoa Bess Wallace, msichana aliyempenda tangu utotoni, na kufungua duka la mavazi ya wanaume jijini Kansas City akishirikiana na rafiki yake wa jeshini. Biashara hiyo ilianguka mwaka wa 1922. Truman alikataa kujitangaza muflisi na alichukua miaka mingi kulipa madeni yaliyotokana na duka hilo.

Siasa na siri ya kiwanda

Mwaka huo huo wa 1922 aliingia katika siasa kwa msaada wa Tom Pendergast, kigogo wa Chama cha Democrat aliyekuwa na usemi mkubwa Kansas City na ambaye baadaye alifungwa jela kwa kukwepa kodi. Truman alipata sifa ya kujenga barabara nzuri bila kuiba, jambo lililowashangaza waliojua kundi lililompandisha. Mnamo 1934 alichaguliwa kuwa seneta.

Jina lake lilivuma kuanzia 1941 alipoongoza kamati ya Seneti iliyochunguza matumizi ya fedha za ulinzi. Alizuru kambi na viwanda, akahoji wanakandarasi na maafisa wa jeshi, na kufichua ubadhirifu uliokuwa ukifanywa kwa jina la vita. Kazi hiyo ilimfunza kwamba sare ya kijeshi haimzuii mtu kukosea hesabu.

Mwaka wa 1943 kamati yake ilianza kuuliza maswali kuhusu kiwanda kikubwa kilichokuwa kikijengwa Hanford, katika jimbo la Washington. Waziri wa Vita, Henry Stimson, alimwomba aachane na suala hilo kwa kuwa lilihusu siri kubwa ya taifa. Truman alikubali. Hakujua kwamba kiwanda hicho kilikuwa cha kutengeneza plutoniamu ya bomu la atomiki.

Alichaguliwa kuwa makamu wa rais katika uchaguzi wa 1944, lakini Rais Franklin Roosevelt hakumfichulia siri hiyo. Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945, siku 82 tu baada ya Truman kuapishwa kuwa naibu wake. Jioni hiyo, baada ya kiapo cha urais, Stimson alimdokezea kwamba kulikuwa na silaha mpya yenye nguvu zisizo za kawaida. Aprili 25 ndipo Stimson na Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi huo, walipomweleza kwa kina.

Siku nne za Agosti

Bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 16, 1945 katika jangwa la New Mexico, Truman akiwa Ujerumani kwa mkutano na viongozi wa Uingereza na Muungano wa Kisovieti. Agosti 6 mji wa Hiroshima ulishambuliwa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu hilo ilitokana na madini yaliyochimbwa Shinkolobwe, katika mkoa wa Katanga, nchini Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Ubelgiji. Agosti 9 ikawa zamu ya Nagasaki.

Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki Hiroshima na takriban 70,000 Nagasaki.

Shambulio la pili lilitekelezwa bila amri mpya kutoka Ikulu. Agizo lililotolewa Julai liliwaruhusu makamanda kutumia mabomu kadiri yalivyokuwa yakipatikana, kwa kutegemea hali ya hewa na maandalizi ya ndege. Kwa maneno mengine, baada ya ruhusa ya kwanza kutolewa, ratiba ya maangamizi iliachiwa wanajeshi.

Agosti 10 Jenerali Groves aliwaarifu wakubwa wake kwamba bomu lingine lingekuwa tayari kuangushwa baada ya wiki moja hivi. Siku hiyo hiyo agizo lilitolewa kuwa bomu hilo lisitumiwe bila idhini ya wazi ya rais. Truman aliwaeleza mawaziri wake kwamba amesimamisha mashambulizi ya atomiki, na kwamba wazo la kuwaua watu wengine 100,000, wakiwemo watoto, lilimtisha.

Agizo hilo fupi lilibadilisha mambo kwa kiasi ambacho wakati huo hakikutambulika. Kuanzia siku hiyo, bomu la atomiki halikuwa tena risasi miongoni mwa risasi. Lilikuwa silaha ya rais peke yake.

Sheria ya 1946

Vita vilipokwisha, zogo lilizuka kuhusu nani amiliki siri za atomiki. Mswada wa kwanza uliowasilishwa katika Bunge la Congress ungewapa wanajeshi nafasi kubwa ya kusimamia shughuli hizo. Wanasayansi wengi walioliunda bomu waliupinga vikali. Truman, ambaye mwanzoni aliuunga mkono, alibadili msimamo na kusimama upande wa Seneta Brien McMahon aliyetaka mamlaka yawe mikononi mwa raia.

Agosti 1, 1946 alitia saini sheria iliyounda Tume ya Nishati ya Atomiki yenye makamishna watano, wote raia. Tume hiyo ndiyo ingemiliki malighafi, viwanda na mabomu yenyewe. Jeshi lingeweza kupewa silaha hizo tu iwapo rais angeagiza hivyo.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa David Lilienthal, wakili aliyekuwa ameongoza shirika la serikali la kujenga mabwawa na kusambaza umeme katika bonde la mto Tennessee. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1947 jeshi liliikabidhi tume hiyo kila kitu. Makamishna walipokwenda Los Alamos kukagua walichorithi, walipigwa na butwaa. Ghala ambalo ulimwengu mzima uliliogopa lilikuwa karibu tupu.

Takwimu ambazo serikali ya Marekani ilizifichua miaka mingi baadaye zinaonyesha kwamba mwishoni mwa 1946 nchi hiyo ilikuwa na silaha 9 tu, na mwishoni mwa 1947 zilikuwa 13. Hata hizo hazikuwa mabomu kamili. Zilikuwa vipande vilivyohifadhiwa mbalimbali, na kuviunganisha kulihitaji kikosi cha mafundi wengi na muda wa siku mbili au zaidi. Betri za bomu lililokwisha kuunganishwa ziliishiwa nguvu upesi. Poloniamu iliyotumiwa kuanzisha mlipuko nayo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya siku 138, hivyo ilibidi ibadilishwe mara kwa mara.

Aprili 1947 Lilienthal alimpelekea Truman ripoti kuhusu hali hiyo. Idadi ya mabomu haikuandikwa katika waraka huo. Nafasi iliachwa wazi, na rais akatajiwa kwa mdomo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hii ilikuwa mali ya aina yake, kwani daftari lenyewe ndilo lililoogopewa kuliko wezi. Truman alishtuka alipoisikia idadi hiyo.

Maghala milimani

Kazi ya kujenga maghala ya kudumu ilianza. Mahali pa kwanza palikuwa milima ya Manzano, karibu na mji wa Albuquerque, jimboni New Mexico. Mingine miwili ilijengwa Killeen, Texas, na Clarksville, kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na Kentucky. Mahandaki yalichimbwa ndani ya miamba, yakawekwa milango mizito ya chuma, na eneo lote likazungushiwa nyua za nyaya na kulindwa usiku na mchana.

Jambo muhimu zaidi halikuwa unene wa kuta. Lilikuwa ni jinsi bomu lilivyotenganishwa na kiini chake.

Bomu la wakati huo lilikuwa tufe kubwa la vilipuzi vya kawaida lililozunguka kiini kidogo cha plutoniamu au urani. Vilipuzi hivyo vilipolipuka kwa pamoja vilikibana kiini na kusababisha mlipuko wa nyuklia. Bila kiini, vilipuzi vingeweza kuua waliokuwa karibu, lakini havingeweza kuangamiza mji. Kwa hiyo viini vilihifadhiwa kando, chini ya tume ya raia, huku wanajeshi wakilinda nyua na kuhudumia sehemu nyingine za silaha.

Utaratibu huo ulimaanisha kwamba hakuna upande uliokuwa na bomu kamili. Jenerali alikuwa na ndege bila kiini, na ofisa wa tume alikuwa na kiini bila ndege. Ilihitajika amri ya rais ili pande hizo mbili zikutane.

Mvutano wa Julai 1948

Majenerali hawakuridhika. Walihoji kwamba jeshi haliwezi kuitegemea silaha lisiyoishika kila siku. Walisema askari wanapaswa kuijua silaha yao kabla ya vita, na kwamba adui akishambulia ghafla, saa zitakazopotea katika makabidhiano huenda zikaligharimu taifa. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Katika vita, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na wao walikuwa wameachiwa mpini tu.

Waziri wa Ulinzi, James Forrestal, alilichukua suala hilo hadi Ikulu. Wakati wenyewe ulikuwa wa hofu. Mwezi mmoja kabla, Muungano wa Kisovieti ulikuwa umefunga barabara na reli zote zilizoelekea Berlin Magharibi, na Marekani ilikuwa ikiwapelekea wakazi wa mji huo chakula na makaa kwa ndege. Ndege za kivita aina ya B-29 zilikuwa zimepelekwa Uingereza, ingawa hazikubeba mabomu ya atomiki. Vita vilionekana kubisha hodi.

Julai 21, 1948 pande zote mbili zilikutana mbele ya rais. Upande wa jeshi uliwasilisha ombi lake kwa maandishi. Lilienthal alijibu kwamba bomu hilo ni jambo la sera ya taifa zima, na kwamba bado lilihitaji uangalizi wa wanasayansi walioliunda. Mmoja wa wakuu wa upande wa jeshi alihoji maana ya kutumia fedha nyingi kuunda silaha zisizokusudiwa kutumiwa.

Kulingana na kumbukumbu za waliohudhuria, Truman alisikiliza bila furaha. Alieleza kwamba bomu hilo haliwezi kuhesabiwa kama bunduki au mzinga, kwa kuwa huwaua wanawake, watoto na watu wasiobeba silaha. Aliongeza kwamba mtu asiyelielewa jambo hilo hawezi kuelewa kwa nini ni lazima lishughulikiwe tofauti. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemdokezea Forrestal kwamba hakutaka kumwona afisa wa cheo cha kati mwenye papara akiamua siku ya kuliangusha.

Mwezi huo huo ombi hilo lilikataliwa. Mabomu yalibaki chini ya raia. Truman alikuwa na kila sababu ya kisiasa ya kuamua vingine, kwani uchaguzi ulikuwa umebakisha chini ya miezi minne na wapinzani walimsawiri kama kiongozi dhaifu. Novemba mwaka huo aliwashangaza wote kwa kumshinda Thomas Dewey. Berlin nayo iliokolewa kwa ndege za mizigo, na mzingiro ukaondolewa Mei 1949 bila bomu hata moja kutumiwa.

Ajali ya California

Hekima ya kutenganisha kiini na bomu ilithibitika kwa njia ya kusikitisha miaka miwili baadaye. Juni 1950 vita vilizuka katika rasi ya Korea. Truman aliidhinisha mabomu yasiyo na viini yapelekwe Uingereza na kisiwa cha Guam katika bahari ya Pasifiki, ili yawe karibu endapo yangehitajika. Viini vilibaki maghalani.

Usiku wa Agosti 5, 1950 mojawapo ya ndege zilizokuwa zikielekea Guam ilipata hitilafu baada ya kupaa kutoka kambi ya Fairfield-Suisun, jimboni California. Rubani alijaribu kurejea, lakini ndege ilianguka na kushika moto karibu na makazi. Vilipuzi vya bomu vililipuka huku wazimamoto wakiwa bado kazini. Watu 19 walifariki, akiwemo Jenerali Robert Travis, ambaye kambi hiyo ilipewa jina lake baadaye.

Mlipuko huo ulikuwa wa kutisha, lakini haukuwa wa nyuklia. Kiini hakikuwamo.

Mlango wafunguliwa

Vita vya Korea ndivyo pia vilivyomlazimisha Truman kuulegeza msimamo wake. China ilipoingia vitani mwishoni mwa 1950 na kuwarudisha nyuma wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, rais aliulizwa na wanahabari Novemba 30 kuhusu bomu la atomiki. Majibu yake yalifahamika kana kwamba matumizi ya silaha hiyo yalikuwa yakifikiriwa na kwamba kamanda aliye vitani ndiye angeamua.

Dunia ilishikwa na taharuki. Saa chache baadaye Ikulu ilitoa ufafanuzi kwamba ni rais pekee awezaye kutoa idhini hiyo na kwamba hakuwa ameitoa. Waziri Mkuu wa Uingereza, Clement Attlee, hakuridhika. Alifunga safari hadi Washington ili kupata hakikisho ana kwa ana. Kisa hicho kilionyesha jinsi neno moja la mtu mmoja lilivyoweza kuitikisa dunia, hata pale ghala lilipokuwa limefungwa barabara.

Aprili 1951 taarifa za kijasusi zilionya kwamba ndege nyingi za adui zilikuwa zikikusanywa karibu na mpaka wa Korea. Aprili 6 Truman alimwita mwenyekiti mpya wa tume, Gordon Dean, na kuagiza viini 9 vikabidhiwe Jeshi la Wanahewa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu sheria ya 1946 kwa mabomu kamili kuwa mikononi mwa wanajeshi. Yalipelekwa Guam, na hayakutumiwa.

Siku tano baadaye alimfuta kazi Jenerali Douglas MacArthur, kamanda mashuhuri wa majeshi ya Korea, aliyekuwa akiupinga hadharani msimamo wa serikali na kutaka vita vipanuliwe hadi China. Wanahistoria wengi huyaona matukio hayo mawili kuwa na uhusiano: rais hakuwa tayari kuruhusu silaha hiyo isogee karibu na uwanja wa vita huku kamanda asiyemtii akiwa bado mamlakani.

MacArthur alipokewa nyumbani kwa shangwe, naye Truman akazomewa. Umaarufu wake ulishuka hadi asilimia 22 katika kura ya maoni ya mapema 1952, na aliamua kutowania tena. Septemba mwaka huo aliidhinisha mwongozo uliokubali kwamba jeshi liwe na dhamana ya silaha zilizohifadhiwa ng'ambo na baadhi ya zile za nyumbani. Mlango alioufunga mwaka wa 1948 ulikuwa umeanza kufunguka kwa mkono wake mwenyewe.

Si mtu wa amani tupu

Itakuwa kosa kumchora Truman kama adui wa silaha za nyuklia. Muungano wa Kisovieti ulipolipua bomu lake la kwanza Agosti 29, 1949, aliharakisha uzalishaji. Januari 1950 aliagiza utafiti wa bomu la haidrojeni uendelee, licha ya pingamizi la Lilienthal na wanasayansi kadhaa. Bomu la kwanza la aina hiyo lilijaribiwa Novemba 1952. Ghala lililokuwa na silaha 2 mwishoni mwa 1945 lilikuwa na 841 mwishoni mwa 1952.

Vilevile, hakuwahi kujuta hadharani kwa sababu ya Hiroshima na Nagasaki. Hadi mwisho alishikilia kwamba uamuzi huo ulifupisha vita na kuokoa maisha. Wapo wanahistoria wanaomuunga mkono na wapo wanaompinga, na mjadala huo haujakwisha.

Kilichomtofautisha ni kwamba baada ya kuona matokeo ya silaha hiyo hakuiruhusu iwe ya kawaida. Alijua kwamba haraka haraka haina baraka, na aliweka vizingiti makusudi kati ya hasira ya binadamu na kitufe.

Alichokiacha

Truman aliondoka mamlakani Januari 20, 1953 na kurejea Independence kwa gari la moshi. Mrithi wake, Dwight Eisenhower, aliyekuwa jenerali, alilikabidhi jeshi silaha nyingi zaidi, na kufikia mwisho wa muongo huo sehemu kubwa ya ghala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Mabomu mapya yaliundwa yakiwa yamefungiwa kiini ndani, hivyo mbinu ya kutenganisha vipande ikapitwa na wakati.

Pengo hilo lilidhihirika Desemba 1960, wakati ujumbe wa wabunge na wataalamu ulipozuru kambi za muungano wa NATO barani Ulaya. Mwanasayansi Harold Agnew aliona ndege za nchi mshirika zikiwa zimebeba mabomu ya nyuklia ya Marekani, huku zikilindwa na askari mmoja kijana mwenye bunduki. Wataalamu walibuni kufuli maalumu zinazohitaji nambari za siri, na Juni 1962 Rais John Kennedy akaagiza zifungwe kwenye silaha za Marekani zilizokuwa chini ya NATO. Dhamana iliyokuwa ya raia sasa ilitiwa ndani ya chuma.

Hata hivyo, hakuna kufuli inayoondoa uzembe. Agosti 2007 makombora 6 yenye vichwa vya nyuklia yalifungwa kimakosa kwenye ndege katika kambi ya Minot, North Dakota, yakasafirishwa hadi kambi ya Barksdale, Louisiana. Kwa takriban saa 36 hakuna aliyegundua kwamba hayakuwa ghalani. Mwaka uliofuata waziri na mkuu wa Jeshi la Wanahewa walilazimika kujiuzulu.

Truman alifariki Desemba 26, 1972 jijini Kansas City akiwa na umri wa miaka 88, na kuzikwa katika ua wa maktaba yenye jina lake mjini Independence. Baada ya kifo chake heshima yake ilipanda, na wanahistoria wengi sasa humhesabu miongoni mwa marais bora wa Marekani.

Leo mataifa 9 yana zaidi ya vichwa 12,000 vya nyuklia, na kila moja limelazimika kulijibu kwa namna yake swali la nani ashike nini. Nchini Marekani, kanuni ya Agosti 10, 1945 ingali inafuatwa: hakuna mwanajeshi anayeruhusiwa kuitumia silaha hiyo bila amri ya rais. Lakini kanuni hiyo ina makali pande zote mbili. Truman alihakikisha kwamba jenerali hawezi kuamua bila rais. Hakuacha sheria yoyote inayomlazimu rais kuomba idhini ya mtu mwingine, na hadi sasa hakuna iliyopitishwa.